Mwanangu, vipande vya sare usivitupe

Mama yangu kipenzi,

Hujambo huko Dodoma? Sisi hapa Moro wote wazima, bibi yako anakusalimia sana anauliza upepo wa huko umepungua au bado. Ile picha ya kwilti, hilo blanketi lako la viraka, uliyonitumia jana usiku nimeiangalia weee mpaka chaji ikaisha, nikaona niandike kabisa maana nikirekodi voisi ntasahau nusu ya ninayotaka kukwambia.

Umeniuliza kwa nini maua yako hayaonekani wakati vitenge ulivyotumia vyote ni vizuri. Ni vizuri kweli, hapo sina neno. Ila umechukua chungwa, pinki, kijani na ile bluu ya mawimbi, vyote vinawaka na vyote vimekolea sawasawa, sasa jicho likifika pale halijui litulie wapi. Fanya hivi, vitandaze vipande kitandani kama ulivyovipanga, piga picha, alafu kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa, vyote vitakuwa kijivu kimoja. Ili ua lionekane lazima petali ziwe nyepesi kuliko kitambaa zilipokaa, au ziwe nzito kuliko hicho kitambaa, hilo ndo la kwanza, habari ya kwamba ni pinki au njano inakuja baadaye. Simu ikizima finya macho tu usimame mbali, inatosha.

Na ndio maana nakwambia vile vipande vya sare za shule nilivyokuwekea kwenye kiroba usivitupe. Najua unaona ni vibaya, bluu bahari ya sketi, kaki, kijani ya sweta za jirani yetu, sijui nini na nini. Hivyo ndo vinabeba kazi yote mwanangu. Kitenge cha maua ukikizungusha na vitenge vingine vya maua kinapotea, kikalishe kwenye bluu ya sare uone kinavyoruka.

Tena hili la rangi kubadilishwa na jirani yake mafundi wamehangaika nalo miaka mingi. Paris kuna kiwanda cha Gobelins, wanafuma yale mapazia mazito ya kutundika ukutani, msimamizi wao wa kupaka nyuzi rangi alikuwa mkemia anaitwa Michel Eugène Chevreul. Watu wakawa wanalalamika nyuzi nyeusi za pale hazikolei, yeye akachunguza akakuta nyeusi haina kasoro yoyote, ilikuwa inaonekana imepooza kwa sababu imewekwa pembeni ya bluu na zambarau. Akaandika kitabu kizima kuhusu hilo, kikatoka 1839. Kwa hiyo ukiona kipande kimepauka kabla hujakilaumu kihamishe, kiweke kwenye jirani mwingine.

Sasa maua yenyewe. Wewe umechora ua la petali tano zote sawa, kama lile la kwenye madaftari ya chekechea. Toka nje mama, Desemba hii mikrismasi imewaka kila mahali, okota ua moja ulishike. Nne ni nyekundu, ya tano imesimama peke yake, ina weupe na madoadoa mekundu ndani yake, na hiyo moja ndio inafanya ua lote liwe hai. Nina kipande cha khanga nyeupe yenye nukta nyekundu nimekukatia kwa ajili ya hiyo tu, kipo juu kabisa kwenye kiroba nimekifunga na uzi. Boganvilia nayo iangalie vizuri, yale mapinki tunayoyaita maua ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe kamekaa katikati, kwa hiyo ukiishona usisahau hako keupe, weka hata kipande kidogo cha ukubwa wa kucha.

Kingine ambacho sijaona umekitumia ni upande wa nyuma. Vile vitenge vya bei rahisi vimechapwa upande mmoja, ukikigeuza rangi ileile inakuja imefifia, basi hapo una kivuli cha bure kabisa! Petali ya mbele weka uso, petali ya nyuma weka mgongo, kitambaa hichohicho. Kitenge cha wax chenyewe hakikupi hiyo kwa sababu kimekolea pande zote mbili.

Kabla hujakata chochote loweka vyote. Vyekundu peke yake, na kipande cheupe ndani ya ndoo ujue kama vinachuja, maana vikija kuchuja kwilti ikishaisha hamna dawa. Na kama hujui hiki ni pamba au ni poliesta chomoa uzi mmoja uuchome, pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge cheusi kigumu. Za poliesta zitenge, zikikutana na pasi ya moto zitakuharibia kazi na pasi yenyewe. Katikati, kati ya viraka vya juu na kitambaa cha chini, usihangaike kutafuta pamba ya dukani, lile blanketi jepesi la kijivu linafaa sana, likate. Ukifika kwenye kushona mistari ya juu ibananishe kwenye kitambaa kinachozunguka ua, karibu karibu kabisa, alafu ndani ya ua pitisha michache tu kufuata petali. Panapobanwa na uzi panalala, palipoachwa panainuka, ua litatoka lenyewe bila kulijaza chochote.

Hao wenzio wa hosteli waliokwambia viraka ni mambo ya shida wala wasikuumize roho. Kuna kijiji Marekani, Alabama, kinaitwa Gee's Bend, wakina mama weusi wameshona kwilti miaka na miaka kwa nguo za kazi zilizochakaa, majinzi, mashati ya shambani. 2002 kazi zao zikawekwa makumbusho ya Houston, zikaenda Whitney pale New York, na 2006 posta ya Marekani ikazitoa kwenye stempu. Mmoja wao, Missouri Pettway, mumewe alifariki, akachukua nguo zake za kazi akazishona kwilti 1942 ili amkumbuke na ajifunike nayo. Leo ipo National Gallery kule Washington. Nikiifikiria ile ya kushika suruali ya marehemu, magoti yamepauka, ukaamua hapa ndo pa kukata, mwenzio hata mkasi unanishinda.

Alafu yupo Bisa Butler, baba yake Mghana, huyu mtafute uangalie kazi zake taratibu. Anashona sura za watu kwa vitambaa, zikiwemo wax hizihizi zetu, na ngozi hashoni kwa kahawia, anashona kwa zambarau, bluu, chungwa, nyekundu, na bado unaona ni mtu mweusi anakuangalia. Ni kwa sababu anajua kipi chepesi kipi kizito na kila kimoja kikae wapi. Ndo hilohilo nalokwambia toka mwanzo.

Kiroba kinakuja na basi la Ijumaa asubuhi, kondakta ntampa namba yako, nenda stendi mapema na kitambulisho. Anza na ua moja tu la mkrismasi kwenye bluu ya sare, usikimbilie kwilti nzima. Ukishapanga usishone kwanza, nitumie picha mbili, ya rangi na ile ya nyeusi na nyeupe, nikipata nafasi hata usiku ntakujibu.

Kula vizuri.

Mama yako