Nyumba za mawe za Cotswolds ni za chokaa, si za saruji

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu nyumba za wakulima za Cotswolds, eneo la vilima huko Uingereza, ambako nafanya kazi ya uashi. Mmesifu madirisha yenye nguzo za mawe, mkasifu na mapaa. Mapaa yale nami nayapenda kuliko kitu chochote: vigae vya mawe vikubwa huwekwa chini, vinapungua ukubwa kadiri vinavyopanda, hadi kileleni ni vidogo kabisa, vyote vimening'inizwa kwa vigingi vya mwaloni. Lakini chokaa ya kuunganishia mawe hamkuitaja hata mara moja, na ndiyo inayozifanya kuta zile zidumu.

Kuta za karne ya 16 na 17 hazina nailoni ya kuzuia unyevu. Mvua hulowesha ukuta, kisha maji hutoka kupitia viungo vya mawe, kwa sababu chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha mvuke. Ukijaza viungo hivyo kwa saruji, maji hunaswa ndani ya jiwe. Baridi ikija yanaganda, yanatanuka, na uso wa jiwe unabanduka.

Kuna nyumba tuliyoitwa kuitengeneza baada ya mkandarasi mmoja kuijaza saruji. Mawe yenyewe yalikuwa yameliwa yakaingia ndani, saruji imebaki imechomoza nje kama sega tupu la nyuki. Ukigusa jiwe, linamwagika unga wa njano mkononi. Inauma sana kuona hivyo.

Mmemtaja William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza aliyekuwa mpangaji wa Kelmscott Manor tangu 1871, nyumba ya mkulima iliyojengwa karibu na mwaka 1600. Basi waambieni wasomaji pia kwamba mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na chama hicho hadi leo kinafundisha mafundi kutumia chokaa.

Kwa mafundi wenzangu mlioko huku: saruji ya zamani itoeni taratibu kwa nyundo na tindo. Grainda hukata kingo za mawe, na kingo hazirudi. Chokaa mpya ifunikeni kwa magunia yenye maji isikauke haraka, wala msiijaze miezi ya barafu, maana ikiganda ikiwa mbichi itapukutika yote.

Fundi mwashi,
Gloucestershire, Uingereza