Msituambie ni mafuta kabla hamjachoma sindano

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Ikiwa ndefu kata tu, ila usikate pale ninapoongelea ndoo.

Nina mbwa jike anaitwa Popi, sasa hivi ana miaka 9. Alipokuwa na 7 alitoka kiuvimbe ubavuni karibu na paja, kidogo tu kama kifungo cha shati, nilikigusa siku namuogesha. Kilichonishangaza ni kwamba kilikuwa hakitulii, leo kimenywea, kesho kimevimba chekundu na mbwa anajilamba mpaka manyoya yanalowa, keshokutwa kimelala tena kama hakuna kitu. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo (simtaji, sina nia ya kumchafua mtu), akakibonyeza kwa vidole viwili sekunde kama tano hivi akasema haya mafuta tu, mbwa wakianza uzee wanatoa hivi vitu, nenda nyumbani. Nikaenda. Miezi minne baadaye kimekuwa kama yai la njiwa, nikarudi, akasema haya basi tukitoe kama kinakukera macho. Akakata, akashona, na kwa ushonaji sina neno naye, alafu kile kinyama akakitupa kwenye ndoo ya taka. Mimi nimesimama pale pale naangalia. Nikamuuliza hakiendi maabara? Akacheka, akasema maabara ya nini na kimeshatoka.

Baada ya miezi mitatu kikarudi, pembeni kabisa ya kovu.

Safari hii nilienda kwa mwingine. Huyu hata kubonyeza hakubonyeza sana, alichukua sindano nyembamba, ya kawaida tu kama ya chanjo, hakuna ganzi wala kumlaza, akachoma mara mbili tatu, akapulizia kile kilichotoka juu ya kioo, akakitandaza, akakipaka rangi, akaweka kwenye hadubini. Dakika chache tu akaniita nichungulie. Niliona viduara vimejaa vidoti vya zambarau, vingine vimepasuka vidoti vimetapakaa kila mahali. Akaniambia hizo ni seli za masti, yaani seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi, zilizogeuka kansa, na ndani ya vile vidoti kuna histamini, ile ile inayokufanya uvimbe na kuwashwa ukiumwa na mdudu. Ukizigusa zinamwaga, ngozi inavimba, baadaye inanywea. Yaani ile tabia ya kutotulia niliyoihadithia siku ya kwanza kabisa ndo ilikuwa dalili yenyewe! Na hizi kansa za seli za masti sio kitu cha ajabu, ni miongoni mwa kansa za ngozi zinazowapata mbwa mara nyingi zaidi.

Sasa hapo ndo ninapogomba. Hakuna vidole duniani vinavyoweza kutofautisha mafuta na seli za masti, hakuna, hata viwe vya profesa. Kiuvimbe cha masti kinaweza kuwa laini kinateleza chini ya ngozi vile vile kama mafuta. Sindano ndo inajua. Alafu daktari akisema "tusubiri tuone" anasahau kwamba operesheni ya kwanza ndo yenye nafasi nzuri kuliko zote, maana ukijua mapema unachokikata unachukua na nyama nzima ya pembeni, sentimita mbili mpaka tatu kuzunguka, na tabaka moja zima chini yake. Ukidhani ni mafuta unachokoa kile kidonge tu na mizizi unaiacha.

Popi alipelekwa kwa bingwa wa saratani za wanyama. Wapo jamani, watu wengi wanadhani natania nikisema hivyo. Kabla ya kisu bingwa alichoma sindano kwenye tezi ya limfu ya karibu hata kama haikuvimba, akaangalia ini na wengu kwa ultrasaundi, maana ndo huko kansa hii inakokimbilia, na siku ya operesheni akampa dawa za kuzuia histamini, kwa sababu uvimbe kama ule ukishikwashikwa mezani unaweza kumwaga kwa wingi presha ya mbwa ikashuka ghafla. Kilichotolewa kikapakwa wino kingo zote, kikaingia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kikaenda maabara kizima. Ule wino ni ili mtu wa maabara aone kama kingo ni safi au seli zimefika mpaka ukingoni. Majibu ya maabara ndo yanasema pia ukali wake. Tangu 2011 wana mfumo wa makundi mawili tu, wa chini na wa juu, na tofauti yake sio ndogo, wa chini ukitolewa wote mbwa wengi wanaendelea na maisha yao, wa juu unasambaa na unaua ndani ya miezi. Popi alitoka wa chini, kingo safi. Lakini kile cha kwanza kilichoenda kwenye ndoo kilikuwa na majibu hayo hayo yote, na badala yake mbwa kakatwa mara mbili na ana kovu refu kama kiganja changu.

Nikizungumzia kukisia siwezi kuacha steroidi. Rafiki yangu mbwa wake alivimba tezi chini ya taya na nyuma ya magoti, hazimuumi, anakula, anacheza. Akachomwa sindano ya steroidi "ya uvimbe", siku mbili zimepungua, furaha tupu, nyumba nzima wanamsifu daktari. Wiki chache zimerudi kubwa zaidi. Ilikuwa limfoma, kansa ya tezi za limfu. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, kweli inazipunguza seli za limfoma, ndo maana kila mtu anadhani amepona, lakini ikitangulia peke yake inaharibu mambo mawili: sampuli inakuwa ngumu kusomeka na zile seli zinajifunza kuzistahimili dawa za kemo, yaani dawa za kuua kansa, zitakazokuja baadaye. Mbwa wa limfoma asiyetibiwa anakaa wiki nne mpaka sita hivi, kwa prednisoloni tupu mwezi mmoja au miwili, na kwa kemo ya dawa nne zinazopokezana mbwa kama wanane kati ya kumi tezi zinanywea kabisa, na wengi wanapata karibu mwaka, wengine zaidi. Kupona moja kwa moja ni wachache sana, sitaki kumdanganya mtu. Ila mwaka kwa mbwa ni mwaka.

Najua kuna msomaji hapo anasema kemo kwa mbwa ni ukatili, atanyonyoka manyoya atapike mpaka afe. Na mimi nilidhani hivyo. Kumbe dozi za wanyama zinapangwa chini makusudi, lengo sio kumpigania kwa gharama yoyote kama binadamu, lengo ni aishi vizuri siku alizonazo. Wanaopata kutapika au kuharisha wengi wao ni siku mbili tatu basi, damu inapimwa kabla ya kila dozi, na unaambiwa uwe macho hasa baada ya wiki moja hivi maana ndo chembe nyeupe za damu zinashuka, akichemka homa au akizubaa unakimbia naye hospitali hiyo hiyo siku. Manyoya kwa mbwa wengi hayatoki, isipokuwa wale ambao manyoya yao hayaachi kukua, kama mbwa wa aina ya pudo, na paka anaweza kupoteza sharubu. Mkojo na kinyesi siku chache za kwanza unashika kwa glavu. Ndo hivyo tu.

Paka wanahitaji barua yao lakini niseme mawili. Kinundu kwenye titi la paka usikingoje hata wiki, kwa mbwa nusu ya vinundu vya matiti huwa sio kansa, kwa paka karibu vyote ni kansa. Na paka aliyebaki na uvimbe pale alipochomwa sindano au chanjo, mabingwa wana hesabu rahisi: ukizidi miezi 3 haujaondoka, au umezidi sentimita 2, au mwezi 1 baada ya sindano bado unakua, lolote kati ya hayo, ukatwe kipande kikapimwe. Na tafadhali paka asitibiwe kama mbwa mdogo, sisplatini, dawa mojawapo ya kemo, inayompa mbwa nafuu inamuua paka kwa kumjaza maji mapafuni.

Kuna ile hofu kwamba kansa ukiichoma sindano inasambaa. Nilimuuliza bingwa, akasema kwa viuvimbe vya ngozi na tezi hilo halipaswi kumzuia mtu, ila kibofu ndo wanakiogopa kweli, uvimbe wa kibofu unaweza kupandikizwa njia nzima sindano inapopita, kwa hiyo huko wanapima mkojo au wanapitia njia nyingine. Ona sasa, hata pale sindano inapokatazwa ni kwa sababu mtu anajua, sio kwa sababu kabonyeza.

Na mtu akishapata majibu akaamua hatibu, mbwa mzee, moyo hauna nguvu, mfuko hauruhusu, hilo sina ugomvi nalo. Kuna dawa za maumivu na kuna kumlaza kwa amani muda ukifika. Ila aamue akijua ni nini. Mimi nilinyimwa kujua, nikapewa kicheko.

Kwa madaktari wetu naomba moja: mkishakata, hata kama mna uhakika gani, kitieni kwenye kichupa. Mwenye mnyama akisema hawezi kulipia, aandike mwenyewe na asaini kwamba kakataa. Msimuamulie ninyi kwa kuelekea kwenye ndoo.

Popi hajambo. Kila mwanzo wa mwezi namlaza kwenye mkeka nampitisha mikono yote miwili kuanzia taya mpaka mkia, makwapani, chuchu moja moja, katikati ya vidole, analala usingizi kabisa. Mwezi uliopita nikakuta kingine, kifuani. Sikulala usiku ule. Asubuhi tukachoma sindano, kilichotoka kilikuwa matone ya kung'aa, tukayaangalia pale kwenye kioo yanagoma kukauka, hadubini nayo ikasema hivyo hivyo. Haya sasa yalikuwa mafuta kweli.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Popi