Niliambiwa mtoto hasikii, nikashika kiboko

Shangazi hujambo, natumai wewe na familia mko salama. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa huku Majengo, Vihiga, nauza nguo za mtumba na mzee wangu ni fundi wa mjengo kwa hivyo pesa kwetu ni kama mgeni, inaingia asubuhi jioni imeshaenda. Nakuandikia saa hii karibu saa saba usiku juu kitinda mimba wangu amelala hapa kando yangu na anakoroma kama lori la mchanga likipanda mlima. Ana miaka sita tu.

Acha nianze na mahali naona aibu. Huyu mtoto nimemchapa sana. Tangu mwaka jana nikimuita haitiki, nikimtuma chumvi anarudi na majani, na akikaa kwa TV anaongeza sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Mwalimu wake akaandika kwa daftari "huyu mtoto hasikii kabisa, tafadhali mzazi ongea naye". Sasa si unajua sisi tukiambiwa mtoto hasikii tunaelewa nini, tunaelewa ni mtundu, kichwa ngumu. Nikaongea naye na kiboko. Akalia, akaniangalia ile macho ya mtu hajui amekosa nini, na mimi nikaona hiyo ni ujeuri nikaongeza.

Siku nilijua ni siku ya biskuti. Alikuwa amekaa kwa ngazi ya mlango amenipa mgongo anacheza na vifuniko vya soda, mimi nikafungua pakiti ya biskuti nyuma yake, hatua mbili hivi. Shangazi, mtoto gani hasikii karatasi ya biskuti? Yule dada yake alikuwa huko nyuma jikoni na alitoka mbio. Huyu hakugeuka. Nikaichezesha tena ile karatasi makusudi. Wapi. Mpaka nikamgusa bega akashtuka kama mtu ameamshwa, nikaingia ndani nikalia peke yangu.

Si ati nilikuwa sijampeleka hospitali. Zahanati nimeenda mpaka nesi akiniona anajua ni ya pua, kila mara ni sirapu ya amoksilini na panado, inakaa wiki mbili kamasi imerudi. Duka la dawa nikauziwa matone ya sikio, ingawa sikio lenyewe halijawahi kutoa usaha wala kumuuma hata siku moja. Hakuna mtu aliuliza analala aje. Na hiyo ndio shida kubwa, mdomo uko wazi usiku na mchana, mto unalowa mate, na kuna venye anakoroma halafu ananyamaza, kifua kinavutika ndani lakini hewa haipiti, mimi nahesabu moja mbili tatu nne, siku moja nilifika tisa, halafu anavuta hewa kwa nguvu na kujigeuza. Sijalala vizuri tangu Desemba.

Mwenye alinifungua macho ni klinikal ofisa mmoja alikuja na kambi ya matibabu ya bure kanisani. Ni wa ENT, amesomea hiyo diploma ya juu ya masikio, pua na koo pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Alichukua kijiko cha chuma, akakiweka chini ya pua ya mtoto, akamwambia afunge mdomo apumue. Upande mmoja wa kijiko ukapata mvuke kidogo sana, ule mwingine ukabaki unang'aa tu. Halafu mtoto akafungua mdomo juu alikuwa amechoka. Akaniambia mama, nyuma ya pua kuna nyama inaitwa adenoidi, watoto wote wanayo, lakini yake inaonekana imekua kubwa imeziba njia, na huko nyuma ndiko kuna mrija wa kupeleka hewa sikioni, ukizibwa maji yanabaki nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto anasikia ni kama ako chini ya maji. Haimuumi ndio maana halalamiki. Akasema watoto wengi hiyo nyama inapungua yenyewe wakikua, lakini huyu wa kukatika pumzi usingizini tusikae tukingoja miaka ipite. Aliniandikia eksirei ya shingo kwa upande, kipimo cha kusikia, na nionane na daktari bingwa wa upasuaji wa ENT.

Hapo sasa ndio nimekwama.

Nilienda klinika moja ya binafsi Kisumu, jina naliacha. Kibao ni kikubwa kimeandikwa bingwa wa ENT. Alimuangalia mtoto kwa koo na tochi, dakika tano hazikuisha, akasema ni adenoidi na tonsili zote zitoke, elfu tisini, nilete elfu arobaini kabla ya Jumatatu afungiwe nafasi. Nikauliza na kile kipimo cha kusikia? Akasema tutaona baada ya oparesheni. Eksirei nilikuwa nayo kwa bahasha, hata hakuiangalia kwa taa, aliishika tu hivi kama risiti. Kusema ukweli pesa yenyewe sikuwa nayo lakini hiyo ya bahasha ndio ilinitoa mbio.

Binamu yangu ni nesi Nakuru, nikampigia. Akaniambia kabla mtu amguse mtoto na kisu angalia jina lake kwa rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari, iko kwa mtandao, ukiandika jina unaona kama ni daktari amesajiliwa na kama ni bingwa wa nini. Nikaandika jina lenye lilikuwa kwa risiti, halikutokea. Nikaandika tena nikigeuza majina, wapi. Binamu akasema nisikimbilie kumuita mtu tapeli, pengine ni klinikal ofisa na hao wana baraza lao lingine la kuwasajili, na wale wa ENT wanasaidia watu sana huku mashinani (hata mimi ni mmoja wao alinisaidia), lakini oparesheni ya mtoto anayekatika pumzi usingizini niulize ni nani atashika kisu na nani atamlaza na dawa ya usingizi. Sasa nitamuulizaje mtu mkubwa hivyo Shangazi? Mimi mama wa mtumba niseme daktari lete karatasi zako?

Majirani nao kila mtu na lake. Mmoja ananiambia niende hospitali ya Jaramogi Kisumu, ile wazee wanaita Russia, mwingine anasema panda gari uende hospitali ya Moi Eldoret, mwingine Kakamega ni karibu. Mimi naogopa nitatumia fare yote kuzunguka na siku ya klinika ya ENT nisipate. SHA, hii bima ya afya ya serikali, tulijiandikisha lakini hatujalipa, juu sisi wa kujiajiri tunatakiwa tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo, ile ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi na yetu ilipimwa ikapita hapo. Mzee anasema tungoje amalize nyumba anajenga Mbale alipwe. Hiyo nyumba bado iko kwa lenta.

Na juu ya hayo yote kuna mama mkwe. Yeye anasema hii si ya hospitali, ni kimeo kimekuwa kirefu kinamkaba, akatwe. Kuna mzee anamjua hukata watoto, asubuhi tu kabla ya chai, na mzee wangu pia alikatwa akiwa mdogo. Mume wangu anasema "na mimi si niko sawa?" Yeye mwenyewe akilala hatujui nani ni baba na nani ni mtoto kwa kukoroma. Nilimuuliza yule klinikal ofisa kuhusu kimeo akasema kimeo kinaninginia mbele huku kwa koo na adenoidi ziko juu nyuma ya pua, ukikata hiki ile inabaki palepale, na umeongeza hatari ya damu kukataa kukauka na pepopunda na wembe wenye umepita kwa watoto wengine. Nikamwambia mama mkwe hivyo kwa heshima yote. Akaniuliza ni lini nilianza kusomea udaktari.

Kwa hivyo Shangazi na wasomaji naomba mnisaidie. Mwenye mtoto amepitia hii, mlianzia wapi huku magharibi, hospitali gani ina daktari bingwa na pia mashine ya kupima mtoto kusikia mahali pamoja? Nikilipa SHA ya mwaka kwanza ndio niende, ama niende nipate tarehe huku natafuta pesa? Kuna maswali gani naweza kuuliza daktari bila kuonekana namdharau? Na huyu mwalimu nimwambie nini, nilifikiria kumuomba amketishe mbele na awe anamuita akimuangalia usoni, lakini naogopa atamuita bubu mbele ya wenzake.

Na ile ya mama mkwe ndio ya haraka. Mimi Ijumaa ni siku yangu ya kuchukua bale Kisumu na huwa narudi jioni. Yeye amesema Ijumaa atakuja kukaa na watoto, na mzee wangu ameshamkubalia. Hajawahi kujitolea hivyo tangu niolewe.

Mama wa kitinda mimba,
Majengo, Vihiga