Je, nitie sahihi ambayo moyo wangu haujaikubali?

Baba Padre, Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika alfajiri hii baada ya usiku ambao sikupata usingizi, na naomba uniwie radhi ikiwa maneno yangu hayatakaa kwa mpangilio, kwa sababu jambo lenyewe limenizidi na hapa kigangoni sina mtu ninayeweza kumweleza bila habari kumfikia Paroko siku hiyo hiyo.

Binti yangu anataka kuingia utawa. Niseme mapema, ili usinidhanie vibaya, kwamba mimi si adui wa miito ya upadre na utawa. Mimi ni katekista. Nimewaandaa watoto wa watu kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, nimeongoza ibada kila Dominika ambayo padre hakuweza kutufikia, na kila mwaka inapofika Dominika ya nne ya Pasaka, siku ya kuombea miito aliyoianzisha Papa Paulo VI mwaka 1964, nimesimama mbele ya waamini nikiwasihi wazazi wawatoe watoto wao kwa Bwana bila kinyongo. Maneno hayo niliyasema kwa dhati na sijalifuta hata moja. Wanaosema kwamba katekista anahubiri asichokiishi wananionea.

Kinachoniuma ni kwamba niliambiwa wa mwisho. Mama yake alijua tangu Krismasi. Mlezi wa miito alijua, kwani walikuwa wakiwasiliana muda mrefu. Paroko alijua, na ndiye aliyeandika barua ya kumtambulisha. Hata mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye ni mimi niliyemfundisha hadi akabatizwa, alikuwa anajua. Mimi nilipewa habari tukiwa kwenye kichanja tunachambua kahawa, binti alipotoa fomu ya kujiunga na shirika la watawa ndani ya bahasha ya kaki na kunionyesha kwa kidole mstari wa chini kabisa ulioandikwa “Sahihi ya mzazi au mlezi”. Juu ya mstari huo kila kitu kilikuwa kimekwisha kujazwa: tarehe ya ubatizo, namba ya cheti, muhuri wa parokia, na hata jina langu mimi, kwa mwandiko wa mama yake.

Nilikwenda kwa Paroko, wala sikwenda kugombana. Nilimwuliza kwa heshima kwa nini hakunidokeza, ilhali tunaonana karibu kila juma. Alinijibu kwamba Mungu akishaita, baba mzazi hana la kuongeza, na kwamba katekista anapaswa kuwa wa kwanza kunyenyekea chini ya mamlaka ya Mungu. Akanifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2232, inayofundisha kwamba vifungo vya familia vina maana lakini havipiti vyote, na kwamba wito wa kwanza wa Mkristo ni kumfuata Yesu. Naikubali namba hiyo. Nimeifundisha mara nyingi. Lakini nilipofika nyumbani niliisoma sehemu yote, na namba 2230, juu kidogo tu ya ile aliyonifungulia, inafundisha kwamba watoto wakishakuwa watu wazima wana haki na wajibu wa kuchagua kazi na hali yao ya maisha, na kwamba wafanye hivyo katika kuaminiana na wazazi wao, wakiomba na kupokea shauri lao kwa hiari. Mimi sikuombwa shauri, niliombwa sahihi tu.

Baba Padre, wewe unayajua Maandiko kuniliko. Hana alipoamua kumpeleka Samweli hekaluni alimweleza mumewe, na Elkana akamwambia afanye aonavyo vyema. Malaika alipopeleka habari kwa Bikira Maria, Mtakatifu Yosefu naye hakuachwa gizani, bali malaika alimjia ndotoni akamweleza. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, alipotaka kuingia monasteri ya Karmeli akiwa na miaka 14, alimwendea baba yake mwenyewe bustanini jioni ya Pentekoste mwaka 1887 akamwomba ruhusa, na mzee Louis Martin alilia, kisha akakubali, na leo naye ni mtakatifu tangu mwaka 2015. Baba huyo aliambiwa na mwanawe kwa kinywa chake. Najua utanitajia Zebedayo, baba yao mitume Yakobo na Yohane, aliyeachwa chomboni pamoja na watu wa mshahara, lakini hata Zebedayo alikuwapo pale wanawe walipoitwa, akaisikia sauti ya Yule aliyewaita. Mimi nilisikia sauti ya fomu.

Mama yake anasema walinificha kwa sababu waliogopa kwamba ningekataa. Sijawahi kukataa lolote la Kanisa katika nyumba hii. Ni kweli kwamba kaka yake alipotaka kwenda seminari ndogo nilimwambia amalize kwanza kidato cha nne karibu na nyumbani, na alipomaliza hakuzungumzia tena seminari, na sasa ana mke na watoto. Lakini hilo lilikuwa suala la umri na afya yake, na lisingefaa kutumiwa leo kana kwamba nilimnyang'anya Mungu padre.

Watu wananifariji kwa mambo ambayo hayagusi kidonda. Wananiambia kwamba bado yapo malezi, unovisi, yaani kipindi cha kujaribiwa kabla ya nadhiri, usiopungua miezi 12, kisha nadhiri za muda zisizopungua miaka 3, kwa hiyo binti ana nafasi ya kujipima na hata ya kurudi. Hayo nayajua, ni mimi niliyewaeleza vijana wa kigango hiki. Najua pia kwamba ana umri wake, kwamba amemaliza diploma ya uuguzi, na kwamba Sheria ya Kanisa haimfungi kwa kalamu yangu. Fomu inaitaka sahihi hiyo kwa desturi ya shirika, kwa heshima ya wazazi, na hapo ndipo ninapochomwa tena, kwa sababu heshima hiyo nimetengewa kwenye mstari wa mwisho baada ya kila mtu kuonja.

Juma lililopita ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu. Niliongoza mimi, kama kawaida. Tulipofika kwenye Baba Yetu, nilisema “utakalo lifanyike” na watu wote wakaitikia nami, lakini moyoni nilikuwa ninauliza ni nani hasa ninayemtii. Kama ni Mungu, niko tayari, na nasema hivyo mbele zake alfajiri hii. Lakini Mungu hajanisemesha. Walionisemesha ni Paroko, mlezi wa miito na mke wangu, na kila mmoja wao, nikimwuliza kwa nini sikuambiwa, ananijibu kwa jina la Mungu. Je, Mkristo anayewauliza wanadamu swali la haki anakuwa amempinga Mungu? Nimefundishwa utii tangu utoto wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba utii ungeweza kutumiwa kumnyamazisha mtu aliyeumizwa.

Usielewe kwamba nataka azuiwe. Nataka aende, na nataka siku ya nadhiri nimsindikize altareni mimi na mama yake kama wazazi wengine. Wakati huohuo, nisikufiche, kuna saa ambapo naona angengoja hata miaka michache, afanye kazi hospitalini, amsaidie mdogo wake ambaye bado yuko shule, maana ada ya diploma ile ilitoka kwenye kahawa na tulikubaliana kwamba aliyetangulia atamvuta mwenzake. Halafu najiuliza kama hiyo ni hoja ya haki au ni kinyongo kimetafuta nguo ya kuvaa, na hapo ndipo usingizi unapokata. Kama angenijia yeye mwenyewe kwanza, ningekubali palepale. Au labda ningemwomba angoje. Siwezi kusema kwa hakika, lakini ningekuwa nimeombwa.

Fomu inatakiwa shirikani kabla ya Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Bado iko ndani ya bahasha yake, chini ya kitabu cha ibada. Naomba unijibu waziwazi: nikitia sahihi huku moyo ukiwa bado unakataa, je, huo ni utii au ni uongo mbele za Mungu? Na nikiishikilia mpaka moyo ukubali, je, nitakuwa nimesimama katikati ya Mungu na mtu aliyemwita? Na ukiona kwamba inanipasa nisaini, basi nieleze pia nimwambie nini binti yangu ninapomrudishia, kwa maana tangu siku ile kwenye kichanja tunasalimiana tu, na mimi sitaki aondoke nyumbani kwangu kwa salamu.

Ni mimi katekista,
Ruvuma.