Miezi minne kabla ya kidato cha kwanza isipotee bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyowapeleka watoto wetu kidato cha kwanza bila kuwaambia wanakokwenda. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro, na kwa miaka kumi na mitatu nimepangiwa kidato cha kwanza karibu kila mwaka. Kila Januari huingia darasani nikakuta watoto wenye sare mpya na madaftari yaliyofunikwa vizuri, na kila ifikapo Machi huanza kuona baadhi yao wakihamia viti vya nyuma, wakiacha kuuliza, na mwishowe wakiacha kuja.

Miaka michache iliyopita nilimpokea msichana aliyekuwa ameongoza darasa zima katika shule yake ya msingi. Hadi Machi hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja katika kipindi changu. Daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, kwa kuwa alinakili kila nilichoandika ubaoni, pamoja na tarehe na mistari niliyoipigia chini, lakini katika majaribio alipata alama za chini kabisa. Nilimwita ofisini, si kwa adhabu, nikamwuliza kwa Kiswahili kwa nini baiskeli ikiachwa bila kukanyagwa kwenye barabara tambarare husimama baada ya muda. Alinieleza bila kusita, akataja tairi na barabara, akataja breki na mpira wake, kisha akalinganisha barabara ya vumbi na ya lami, mfano ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeutoa darasani. Nilipomwambia kwamba hicho alichokieleza ndicho nilichokuwa nikikiandika ubaoni juma zima kwa jina la «friction», alinitazama kwa mshangao akasema, «Kumbe ni msuguano, mwalimu?»

Tangu siku ile nimeacha kusema kwamba watoto wa shule za kata huja na msingi mbovu. Wapo wenye msingi mbovu, sikatai, ila wengi huja na maarifa ambayo hatuyaoni kwa sababu yamehifadhiwa katika lugha ambayo shule ya sekondari haiitumii kufundishia. Tangu miaka ya mwisho ya 1960, mtoto wa shule ya msingi ya umma nchini mwetu hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza hukisoma kama somo moja kati ya masomo mengine. Akivuka kwenda sekondari, mambo hugeuka kwa usiku mmoja, naye hubaki na Kiswahili kama somo huku karibu kila kitu kingine kikifundishwa kwa Kiingereza. Somo lake la Sayansi na Teknolojia hugawanyika kuwa fizikia, kemia na baiolojia. Mmeng'enyo wa chakula, usanisinuru, mvukizo na kani, yote aliyoyajua kwa miaka, huanza kuitwa kwa majina ambayo hajawahi kuyasikia. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu ni vilevile. Yeye hudhani amekutana na vitu vipya kabisa, na kwa kuwa haelewi, huamini kwamba akili yake ndiyo imefika mwisho.

Lipo badiliko jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui. Sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba ni maswali ya kuchagua jibu na kusiliba herufi, na shule nyingi huutumia mwaka mzima wa mwisho kufanyia mazoezi ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kufaulu vizuri huku akiwa hajaandika aya tatu zilizoshikamana, hata kwa Kiswahili, kwa miezi mingi. Sekondari humtaka aeleze, alinganishe, atoe sababu na achore mchoro kisha aufafanue kwa maneno. Huu si udhaifu wa lugha ya kigeni peke yake, kwa maana nimewapa wanafunzi wapya kazi ya kueleza kwa Kiswahili jinsi wanavyopika ugali, jambo wanalolifanya kila jioni, na wengi wakaandika mistari miwili wakaweka kalamu chini.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, majina ya waliochaguliwa hutangazwa na TAMISEMI karibu na mwisho wa mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Kati ya mtihani na kengele ya kwanza ya sekondari kuna takribani miezi minne. Katika miezi hiyo mtoto hana mwalimu wala ratiba, na katika vijiji vingi hana kitabu. Wavulana huenda machungani au mashambani, wasichana hubebeshwa kazi za nyumba, na wapo wanaopelekwa mjini kwa ndugu «kusubiri matokeo» wakaishia kuwa yaya. Sisemi mtoto asisaidie wazazi wake, maana ni wajibu wake. Ninalosema ni kwamba saa moja kwa siku ya kusoma na kuandika haiwezi kukosekana kwa miezi minne, na gharama ya kuikosa tunaiona sisi tunaowapokea.

Mijini pengo hili huzibwa na madarasa ya kulipia ambayo watu huyaita prifomu wani. Nawaheshimu walimu wenzangu wanaoyaendesha, lakini mengi niliyoyaona hukosea shabaha. Huchukua muhtasari wa kidato cha kwanza na kuukimbiza, ili mtoto afike Januari akiwa tayari amemaliza mada tatu au nne. Hunijia darasani watoto wa namna hiyo, nao hukariri maana ya fizikia kwa Kiingereza kwa sauti moja bila kukosea neno, lakini nikiwauliza wanitajie kitu kimoja nyumbani kwao ambacho fizikia inakieleza, hunyamaza. Zaidi ya hapo, madarasa hayo huwaacha nje watoto ambao wazazi wao hawana ada ya kulipa, na hao ndio walio wengi katika shule ninayofundisha.

Naomba kueleza tulichojaribu sisi, kwa kuwa hakikuhitaji bajeti. Desemba mbili zilizopita, mimi na wenzangu wawili tuliwaalika watoto wa darasa la saba kutoka shule mbili za msingi za jirani waje shuleni kwetu siku tatu. Hatukusubiri majina yatangazwe, kwani katika shule ya kata kila mtu anajua watoto wa mtaa upi watapangiwa wapi. Siku ya kwanza waliiona shule yenyewe, yaani maabara, maktaba yetu ndogo, vyoo, mahali pa kuchota maji na ubao wa ratiba. Tuliwaeleza kwamba kipindi ni dakika 40, kwamba kila somo lina mwalimu wake, na kwamba mwalimu huyo akitoka anaingia mwingine asiyejua uliachiwa kazi gani na wa kwanza, hivyo mwanafunzi mwenyewe ndiye anayebeba kumbukumbu ya kazi zake zote. Jambo hili dogo huwachanganya sana watoto waliozoea kulelewa na mwalimu mmoja wa darasa anayewajua kwa majina na kuwajua mama zao.

Siku ya pili na ya tatu tulifanya kazi moja tu, ya daftari la maneno. Kila mtoto aligawa ukurasa sehemu tatu: neno la Kiswahili alilolijua kutoka shule ya msingi, jina lake la Kiingereza, na mchoro au mfano wake mwenyewe. Hatukufundisha mada yoyote mpya. Tulichukua vitabu vyao vya darasa la sita na la saba, tukapitia yale waliyokwisha kujifunza, tukayapa jina la pili. Walienda nyumbani na agizo la kuongeza maneno matano kila siku na kuandika ukurasa mmoja kwa juma, kwa lugha yoyote, kuhusu jambo walilolifanya kwa mikono yao. Sina takwimu za kukuletea, Mhariri, na sitaki kutia chumvi. Ninachoweza kusema ni kwamba watoto waliokuja siku zile tatu walikuwa wa kwanza kuniuliza maswali mwezi Januari, na walipokwama kwenye neno walilitafuta katika daftari lao badala ya kuinamisha kichwa.

Kwa wazazi ninalo ombi fupi. Elimu ya sekondari katika shule za umma hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, lakini fomu ya maelekezo ya kujiunga bado ina orodha ya mahitaji, nayo isisomwe juma la mwisho. Isomeni pamoja na mtoto. Kama shule iko mbali, amueni mapema atakwendaje, kwa sababu mtoto anayetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni hana jioni ya kusoma, na binti anayepangishiwa chumba peke yake karibu na shule anahitaji mtu mzima wa kumwangalia, si mwenye nyumba wa kudai kodi. Taulo za kike ziwe katika orodha ya kila mzazi wa binti hata kama shule haikuziandika.

Kuna na hofu ambayo watoto hawaisemi mbele yetu. Wameshasikia kwamba mgeni huitwa njuka, kwamba atafulishwa nguo za wengine na kuamrishwa kuwachotea maji. Katika shule ambako walimu hulifumbia macho jambo hili, mtoto mpole huanza kuichukia shule kabla ya kipindi cha kwanza. Sisi tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuwapokea wageni, kila mmoja wao akikabidhiwa wawili kwa majina, na akawajibika kuwaonyesha njia na kuwasaidia kufungua daftari la maneno. Waliopewa dhamana hiyo hawakupata hamu ya kuwaonea waliokabidhiwa.

Kwa wakuu wa shule na maofisa elimu nasema hivi: kozi ya awali ya Kiingereza, inayopaswa kufanyika katika majuma ya mwanzo ya kidato cha kwanza, ifanyike kweli. Naelewa kwa nini hukatwa. Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili unatukimbiza, muhtasari ni mrefu, na kila mwalimu anataka kuanza mada yake. Lakini mwalimu anayeanza mada ya kwanza mbele ya darasa lisiloelewa lugha yake ataifundisha tena Juni, na tena mwaka unaofuata. Vilevile mwalimu asiogope kutamka neno la Kiswahili pale mtoto anapolihitaji ili ashike jambo. Nimeona shule ambako mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, na sijawahi kuona hata mtoto mmoja aliyejua Kiingereza kwa sababu ya kile kibao.

Muda wa kujipanga haupo mwingi. Kwa utaratibu wa sera mpya ya elimu, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 tutawapokea wote kwa mara moja, nusu yao wakiwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko tuliowazoea. Madarasa na viti vinazungumzwa tayari, na ni vyema. Ninaomba kila shule ya kata ichague siku zake tatu za Desemba kuanzia mwaka huu, ili hadi wakati huo walimu tuwe tumeshajua namna ya kuwapokea, na kila shule ya msingi iachiwe angalau nakala moja ya kila kitabu cha kidato cha kwanza, mahali ambapo mtoto wa darasa la saba anaweza kukigusa.

Mwalimu wa shule ya kata,
Morogoro