Barua kwa shoga yangu kuhusu nyumba ya Kimara

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Mwanza. Sisi huku ni wazima. Ujumbe wako nimeupata pamoja na zile picha za nyumba, na kabla ya yote nakupongeza kwa kustaafu salama. Fedha ya mkupuo uliyolipwa ni jasho la ujana wako wote darasani, na hailipwi mara mbili. Ndiyo maana nimeona simu haitoshi. Nakuandikia ili ukae usome polepole, umsomee na shemeji, mrudie pale pasipoeleweka.

Naanza na ombi: usitume kianzio wiki hii, hata kama dalali anakuambia kuna mteja mwingine amefika na fedha mkononi. Nyumba yenyewe siyo mbaya. Ila milioni 160 wanazotaka ni bei ya nyumba iliyo kwenye maneno ya dalali, na mimi nimeiona ile iliyo Kimara.

Jumamosi nilikwenda na fundi anayetuhudumia sisi hapa Tabata. Ukishuka mwendokasi unachukua bodaboda, unateremka kuelekea bondeni, siyo mbali. Ni kama ulivyoona kwenye picha: apatimenti nne ndani ya geti moja, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Tailizi mpya, rangi mpya, taa za nje zinapendeza. Nikamwacha fundi azunguke, mimi nikakaa na mama mmoja mpangaji aliyekuwa anaanika nguo. Wewe uliambiwa kila mpangaji analipa 350,000 kwa mwezi na nyumba imejaa. Mama yule analipa 300,000. Jirani yake naye 300,000. Apatimenti ya nne, ile ya nyuma, haina mtu tangu masika kwa sababu ukuta wake unanyonya maji. Fundi alipogonga lipu kwa kidole cha kati ilianguka vipande. Rangi mpya ilipakwa juu ya fangasi.

Sasa chukua karatasi tupige hesabu pamoja, kama tulivyokuwa tukifanya tukipanga michezo ya vikoba. Nne mara 300,000 ni milioni 1.2 kwa mwezi, milioni 14.4 kwa mwaka, tukichukulia kwamba ya nyuma itatengenezwa na kupata mtu. Hakuna nyumba inayojaa mwaka mzima. Mmoja anahama, unapaka rangi, unatafuta mwingine. Weka mwezi mmoja mtupu kwa kila apatimenti, inabaki milioni 13.2. Asilimia 10 ya kodi hiyo ni ya TRA, Mamlaka ya Mapato, unabaki na karibu milioni 11.9. Matengenezo, gari la kunyonya choo na kijana wa kuangalia geti, hata ukibana sana, vitakula milioni 2.4. Mkononi mwako inaingia milioni 9 na nusu. Kwa milioni 160 ulizotoa, hiyo haifiki asilimia 6 kwa mwaka.

Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali fedha nayo inakulipa riba, zile zinazouzwa na Benki Kuu, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na riba inaingia kila baada ya miezi 6 bila kugombana na mtu kuhusu bomba. Sikuambii ukanunue hatifungani. Najua unataka kitu cha kugusa, cha kuwaachia watoto, na mimi pia naamini ardhi ya Dar haijawahi kulala. Nakuambia tu kwamba nyumba inayokupa asilimia 6 muuzaji wake hana sababu ya kukukimbiza.

Na ule mpango wa kuweka milioni 100 zako na kukopa 60 benki, nakusihi uuache. Tuseme wamekupa riba ya asilimia 15, ambayo kwa mikopo ya nyumba hapa nchini siyo kubwa, na wamekubali miaka 15, ingawa kwa umri wetu sidhani kama watakubali. Rejesho ni kama 840,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 10. Nyumba inakuletea 9 na nusu. Maana yake ni kwamba wapangaji wote wakilipa bila kukosa, bado utaongezea benki kutoka kwenye pensheni yako ya kila mwezi, ile ya chakula na dawa za shinikizo la damu za shemeji. Siwezi kukaa kimya nikiona hilo.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Mama yule wa nguo alilipa kodi ya mwaka mzima Januari. Jirani yake alilipa miezi 6. Fedha hizo zimeshaingia mfukoni kwa wauzaji. Ukinunua leo unarithi wapangaji pamoja na haki yao ya kukaa mpaka walicholipia kiishe, na wewe hupati hata senti hadi hapo. Huwezi kuwaambia walipe tena, na mtu wa haki hawezi kuwatoa. Kwa hiyo kodi yote iliyokwisha kulipwa kwa miezi inayofuata siku ya makabidhiano ikatwe kwenye bei, na iandikwe hivyo ndani ya mkataba wa mauziano. Omba nakala ya kila mkataba wa pango. Asiyekuwa na mkataba, mwanasheria wako azungumze naye mwenyewe, aandike amelipa kiasi gani na hadi lini, na atie saini. Usikubali dalali awaulize kwa niaba yako.

Hayo yote ni ya fedha, na fedha inazungumzika. Linaloniondolea usingizi ni mirathi.

Uliniambia wauzaji ni ndugu wawili, baba yao alifariki. Nilimuuliza dalali mama yao yuko wapi. Akajibu, "Mama yuko kijijini, hana neno." Shoga, mama ambaye hana neno leo, kesho atafika na barua ya wakili, na atakuwa na haki. Nyumba iliyojengwa akiwa ndani ya ndoa ina jasho lake. Pengine ndiye aliyekuwa akipika mama lishe ili saruji inunuliwe. Mimi na wewe ni akina mama. Tusinunue nyumba ambayo mjane hajaulizwa. Na hata ukiacha utu pembeni, sheria haitakulinda. Mtoto wa marehemu hauzi kwa kuwa ni mtoto. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, lazima ana barua ya usimamizi, ile Fomu Na. IV. Mwombe nakala, chukua namba ya shauri, na mwanasheria akalisome jalada hapo hapo mahakamani, aone warithi ni akina nani. Kisha warithi wote, mama akiwa wa kwanza, waandike ridhaa ya kuuza na watie saini mbele ya mwanasheria. Pengine kuna mke mdogo, pengine kuna mtoto wa nje ambaye jalada linamtaja. Afadhali umjue sasa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze karatasi za ardhi. Dalali alinionyesha kwenye simu picha ya leseni ya makazi. Akawa anaiita hati. Siyo hati. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, inahuishwa, na ina thamani yake, sikatai. Lakini hati ya kiwanja ni ya miaka 33, 66 au 99, imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kiwanja kimepimwa kina ramani na mawe. Bei ya nyumba yenye leseni haiwezi kuwa sawa na ya yenye hati. Yoyote watakayoileta, mwanasheria afanye upekuzi: aone jina la mmiliki, kama imewekwa rehani benki, kama kuna zuio la mahakama, na kama kodi ya ardhi inadaiwa ya miaka mingapi. Zile barua zenye mhuri wa serikali ya mtaa zinasaidia kukujulisha kwa majirani, ila umiliki hauhamishwi na mhuri wa mwenyekiti.

Kwa upande wa Kimara nasisitiza upekuzi kwa sababu unakumbuka mwaka 2017. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Kulikuwa na watu wamejenga vizuri, wana umeme na maji, wanalipa kodi ya majengo, wakakuta alama ya X ukutani. Nyumba hii iko mbali na barabara kuu, hilo halinitishi sana. Linalonitisha ni bonde. Kutoka ukuta wa nyuma hadi mkondo wa maji ni hatua chache, na Desemba 2015 waliojenga bonde la Msimbazi walibomolewa, baada ya mafuriko ya 2011 kuwa yameshaua watu. Mpima ardhi aliyesajiliwa aende apime umbali kutoka kwenye mkondo, aseme kwa maandishi. Hapo ndipo tutajua pia kama ule ukuta unanyonya maji kwa sababu ya bomba, jambo dogo, au kwa sababu maji ya ardhini yanapanda kila masika, na hilo halina dawa ya rangi.

Mengine ni mepesi. Kila apatimenti ina LUKU yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, nimeziona, na hilo litakuepusha na ugomvi mwingi. Kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo anayekatwa ni mpangaji. Mwenye nyumba mwungwana anamrudishia kwenye kodi yake ya pango. Maji ya DAWASA yanafika, kuna tangi moja tu kwa familia nne, uongeze la pili. Shimo la choo halijajaa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, pamoja na ada za mwanasheria na za uhamisho, zote ziwe ndani ya bajeti yako tangu mwanzo. Kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida anayoipata anayeuza, ni ya muuzaji, na mkataba uitaje hivyo, maana bila karatasi za TRA uhamisho hausajiliwi na wauzaji wanaweza kukusukumia mzigo.

Dalali alikuambia pia kwamba unaweza kupandisha ghorofa juu ukapata apatimenti nne zaidi. Hilo lifute kabisa kichwani. Msingi ule ulichimbwa kwa nyumba ya chini, na nguzo sizioni. Kariakoo, Novemba 2024, sote tulikesha tukiomba watu watolewe hai chini ya kifusi. Kupandisha ghorofa kunataka mhandisi, kibali cha ujenzi na msingi wa ghorofa, siyo maneno ya mtu anayetafuta chake kwenye mauzo.

Sasa maoni yangu. Kama mama mjane atatia saini, jalada la mirathi likiwa safi, na mpima akasema bonde haliihusu, ningetoa milioni 120, na ile kodi iliyolipwa mbele ikatwe humo. Kwa fedha zako mwenyewe, bila benki. Hizo 20 za ziada kama hamna, basi toa 100 mwone wanasemaje. Hapo nyumba inakuletea karibu asilimia 8 kwa milioni 120, au 9 na nusu kwa 100, na ina uhai.

Lakini moyo wangu, ukiniuliza, uko Nyegezi. Upo Mwanza, chuo kikuu cha SAUT kiko pale Malimbe, wanafunzi na wahadhiri wanatafuta vyumba kila mwaka. Nyumba ya apatimenti tatu tu, hata iwe haina tailizi, ambayo unaweza kuifikia kwa daladala ukaona bomba linalovuja siku hiyo hiyo, mimi naithamini kuliko nne za Kimara zitakazosimamiwa na mtu usiyemwona. Mimi ninaishi ndani ya uzio mmoja na wapangaji wangu. Najua nani mume wake amepunguzwa kazi na anahitaji wiki mbili, na nani anachelewesha kwa mazoea. Hayo huyajui kwa simu. Muulize yule mjomba wa shemeji mwenye duka Buhongwa kama amesikia chochote kinachouzwa.

Nimeshampata mwanasheria hapa, mama mtu mzima, tunasali naye jumuiya moja, na amekubali kufanya upekuzi na kwenda mahakamani akipata namba ya shauri. Kwa hiyo nahitaji kwako vitu vitatu: namba hiyo ya shauri, picha ya leseni pande zote mbili, na namba ya simu ya mama yao kijijini. Dalali akigoma kutoa hiyo ya tatu, nipigie usiku huo huo.

Msalimie shemeji sana, na mwambie dawa zake nimezipata duka la Mnazi Mmoja, nitazituma na basi la Alhamisi.

Shoga yako wa siku zote,
Tabata