Waridi na Airisi Kwenye Tuta Moja: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapanda maua,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu nyote mliofika: wa Mtwara mjini, wa Mikindani, wa Naliendele, na wenzetu wa Newala waliopanda gari alfajiri. Hesabu za fedha atazisoma mhazini baada yangu, na vitabu viko mezani kwa anayetaka kuvifunua. Mahudhurio ya mikutano yaliridhisha mpaka msimu wa korosho ulipofunguliwa. Baada ya hapo, kama kila mwaka, wengi tuliwakosa hadi minada ilipopoa, na siwalaumu. Ada bado zinasuasua. Hayo niyaache hapo, kwa sababu jambo lililotushughulisha mwaka mzima mnalijua: tuta la pamoja la waridi na airisi, yale maua ya majani marefu yanayoota kutoka kwenye tunguu.

Mkutano mkuu uliopita ndio uliotoa azimio, na azimio lenyewe lilizaliwa na picha zilizokuwa zikizunguka kwenye simu zetu. Bustani za Uingereza, miwaridi imechanua, na chini yake airisi za zambarau zimesimama. Kila mtu akataka. Na huko zilikopigwa picha hizo, mimea hii miwili inapatana kwa sababu za msingi. Airisi huchanua mwezi wa tano na wa sita, wakati waridi la kwanza linafumbua. Yote miwili inataka jua la kutosha, si chini ya saa sita kwa siku. Tena mwaridi huwa ni vijiti vitupu vyenye miiba huku chini, na majani marefu ya airisi huusitiri.

Tuta letu la majaribio lilipandwa kwa mvua za mwishoni mwa 2023, uani kwa mwanachama mwenzetu wa Chuno, hapa Mtwara mjini, ambaye namshukuru kwa maji yake na uvumilivu wake. Tulipanda airisi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kwenye picha, airisi yenye ndevu, tuliyoagiza kutoka kwa muuzaji wa nyanda za juu. Ya pili ni airisi ya Kiafrika, ambayo wataalamu huiita Dietes, na ambayo wengi wenu mliidharau siku ile kwa kuwa ua lake ni dogo.

Nianze na hiyo ya ndevu, maana ndiyo iliyotugharimu. Tunguu lake, ambalo ukilishika utadhani tangawizi nene, linataka kulala juujuu ya udongo, mgongo wazi, lipigwe na jua. Pia linataka baridi. Bila wiki kadhaa za baridi ya kweli tunguu halitengenezi ua, na pwani yetu baridi hiyo haipo hata Julai kusi ikivuma. Njombe ni sawa, Lushoto ni sawa. Mtwara utafuga majani. Muuzaji hakutuambia, na sisi tumejifunza kumuuliza muuzaji jambo moja kabla ya kutoa pesa: mmea huu umechanua wapi karibu na bahari?

Kisha ikaja mvua ya Januari. Majani ya nje yakaanza kulala. Ukilivuta jani linakuja lenyewe bila ubishi, na kitako chake kimekuwa ute wa kahawia. Ukilibonyeza tunguu, kidole kinazama. Harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mwenye ua aliinua mifuniko ya karo akitafuta panya aliyekufa. Ugonjwa huo ni uozo wa bakteria wanaoingia kupitia kidonda, pengine jembe limekwaruza au mdudu ametoboa, halafu joto na unyevu vikamaliza kazi. Yale matunguu yaliyokuwa hayajaoza yote tuliyakwangua kwa kijiko mpaka nyama ngumu nyeupe, tukayaanika juani, tukayarudisha ardhini. Yapo mpaka leo, yana majani mazuri. Ua hatujaliona.

Hapa pana somo ambalo halihusu airisi ya ndevu peke yake. Mwaridi ni mlafi. Unataka samadi, unataka maji mengi yanayozama chini, unataka matandazo ya kuzuia kichanga chetu kisikauke. Airisi karibu zote hazitaki kulishwa hivyo. Samadi nyingi inazipa majani laini yanayooza upesi, na matandazo yakilifunika tunguu ni kama umelichimbia kaburi. Kwa hiyo anayesema "nitazichanganya tu" atapoteza mojawapo. Kilichofanya kazi Chuno ni kuzigawa ndani ya tuta hilohilo. Miwaridi ikae katikati, mita moja kati ya shina na shina, kila shina lichimbiwe kisahani chake cha maji. Samadi na matandazo viishie kwenye ukingo wa kisahani. Airisi ziwe nje, pembezoni mwa tuta, nusu mita kutoka kwenye shina la mwaridi, palipoinuka kidogo ili maji yasituame. Lita kumi kwa kila mwaridi mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, zimiminwe taratibu ndani ya kisahani asubuhi. Airisi zitajipatia cha kuponea humohumo.

Sasa hiyo ya Kiafrika. Huyu si mgeni. Aina yake moja huota porini kuanzia Ethiopia na Kenya, ikapita kwetu Tanzania, mpaka Afrika Kusini. Ua lake jeupe lina doa la njano na katikati pana zambarau. Nyingine ya Afrika Kusini ina ua la njano hafifu lenye mabaka meusi. Zote mbili zimevumilia upepo, zimevumilia kichanga, na wakati wa kiangazi zilibaki kijani huku majani ya jirani yakikunjamana. Kila ua hudumu siku moja hivi, asubuhi lingine linafunguka. Waliolidharau ua hilo mwaka jana, ndio wanaoniandikia ujumbe leo wakiomba vipande.

Lakini tuta la Chuno lilipata ajali ambayo nataka ieleweke, maana itatokea kwa kila atakayepanda mimea hii pamoja. Kijana aliyekuja kusafisha bustani aliona vikonyo vya airisi vimemaliza kuchanua, vimebaki vijiti. Alikuwa ametoka kupogoa miwaridi, mkasi uko mkononi, akavikata vyote chini kabisa. Kwa mwaridi angekuwa amefanya vyema: ua likinyauka, kata hadi juu ya jani lenye vipande vitano, na chipukizi jipya litatoka hapo na ua jingine. Airisi ya Kiafrika, hasa ile ya ua jeupe, ni kinyume. Kikonyo chake hakifi. Kinachanua, kinapumzika, kisha kinachanua tena kwenye kikonyo kilekile, na chaweza kuendelea hivyo miaka. Ukikikata umekata maua ya mwakani. Katibu ametengeneza vibao vidogo vya mbao vya kuchomeka kwenye tuta, vimeandikwa USIKATE. Chukueni, ni bure.

Wenye kivuli, hasa nyinyi wenye miembe mikubwa uani, msilazimishe tuta la namna hii. Mwaridi chini ya mwembe ni kujitafutia huzuni. Kwenu ipo airisi ya kutembea, yenye asili ya Brazili, inayopenda kivuli chepesi na unyevu. Ua lake ni jeupe na buluu. Likimaliza kuchanua, kikonyo huinama kwa uzito wa mche mdogo ulioota kwenye ncha yake, mche unagusa udongo, unaota mizizi, na mmea umesogea hatua moja. Ni burudani kwa watoto. Ila waambieni wasitafune: matunguu ya jamii hii yana sumu inayovuruga tumbo.

Kuhusu miwaridi yenyewe, hali imetofautiana kwa mitaa. Wenzetu wa Shangani wanalalamika majani kuungua kingoni na mmea kudumaa. Hiyo ni chumvi, ya upepo wa bahari na zaidi ya visima. Onjeni maji ya kisima chenu. Yakiwa na ladha, msiyape miwaridi. Kingeni mvua kwenye simtanki, na tuta likae nyuma ya nyumba, upande usiotazama bahari. Mikindani shida ni nyingine: udongo uliokaa juu ya matumbawe una chokaa nyingi, mwaridi unashindwa kufyonza chuma, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Dawa ni mboji kwa wingi. Naomba pia kina mama wa huko waache kumwaga majivu ya jikoni kwenye tuta la waridi, kwa sababu majivu yanaongeza ileile hali ya chokaa. Yapelekeni kwingine. Naliendele na udongo wao mwekundu hawana la kulalamika, nasi tunawaonea wivu. Newala usiku wana hewa nzuri kuliko sisi sote, na mawaridi yao yana rangi iliyokolea, ila huko juu ya uwanda wa Makonde maji ndiyo mtihani, na mtu hawezi kumwagilia ua wakati ndoo ya kunywa ni ya kupigania.

Tupogoe lini? Vitabu vya ughaibuni vinataja mwisho wa majira ya baridi, ambayo hatuna. Kamati inashauri Juni, mvua zikishakwisha. Baada ya wiki sita hadi nane utaona maua, na yatakuwa mazuri kuliko ya wakati wowote mwingine kwa sababu hakuna mvua ya kuleta madoa meusi kwenye majani. Mvua zikirudi mwezi wa kumi na mbili madoa hayo yatakuja, tukubali. Okoteni majani yanayoanguka, yachomeni, wala msiyatie kwenye mboji.

Kiangazi nacho kina lake, ubwiriunga, yaani ukungu mweupe kama unga unaofunika majani. Na hapa sisi wa Mtwara na Lindi tuna bahati, maana ubwiriunga tunaufahamu kwenye mikorosho na salfa tunayo majumbani. Kimelea cha mkorosho sicho cha mwaridi, lakini salfa ya unga inasaidia huku pia. Masharti: pulizia asubuhi mapema au jioni, kamwe si jua la mchana, kwa sababu kwenye joto kali inababua majani, usiipulizie ndani ya wiki mbili baada ya kutumia mafuta ya mwarobaini, na funika pua na mdomo kama unavyofanya shambani. Jambo moja ambalo wabanguaji mnalijua lakini wengine hawalijui: maganda ya korosho mabichi si matandazo. Mafuta yake yanababua ngozi ya mtu. Tumieni maganda ya karanga.

Mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, mzigo wetu wa miche ulikwama njiani. Ulipofika, miche ya waridi kwenye viroba ilikuwa imepukutika majani na sehemu yake haikupona. Airisi zilizofungwa kwenye karatasi hazikuwa na habari. Tunguu lina akiba yake, linaweza kukaa nje ya udongo wiki kadhaa. Kamati imeamua kuanzia sasa tusiagize miche ya waridi kutoka mbali, tuizalishe hapahapa. Fundi wa kubebesha mikorosho, yaani kuunganisha chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, ambaye ni mwanachama, amekubali kutufundisha kubebesha waridi. Wasioweza kusubiri wachukue vipandikizi vya lile waridi dogo la rangi ya pinki lililokuwa kwenye nyua za bibi zetu kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Halihitaji kubebeshwa, kijiti cha unene wa penseli kinatosha, kivuli na unyevu.

Mzee wetu mmoja wa Mikindani ameuliza kuhusu airisi nyeupe ya makaburini. Ipo. Asili yake ni Yemen na Saudi Arabia, haitoi mbegu, na imeenea hadi Uturuki na Hispania kwa sababu Waislamu walibeba matunguu yake na kuyapanda kwenye makaburi ya wapendwa wao. Pwani yetu hatujaijaribu, na kamati haitatumia fedha za chama kuiagiza; mwenye ndugu Hadhramaut, kule Yemen, ajaribu kwa mkono wake atuletee habari. Na kwa wapenda marashi, tunguu la airisi likikaushwa miaka mitatu au zaidi hutoa harufu ya thamani kubwa, ambayo watengeneza marashi huichanganya na waridi. Msianze kukausha za chama.

Nimalizie na mbuzi, kwa kuwa malalamiko ni mengi. Nani aliwaambia utepe wa airisi unazuia mbuzi? Mbuzi haili airisi, ni kweli. Anaikanyaga akienda kwenye waridi. Jengeni uzio.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza, na mtapiga kura muda si mrefu, kwamba fedha zote za airisi ziende kwenye ile ya Kiafrika, na airisi za ndevu zilizopona zipelekwe Newala kwa majaribio ya mwisho. Tuta la Chuno limejaa na linahitaji kugawanywa mvua zikianza. Kila kipande kitakuwa na majani yaliyopunguzwa hadi theluthi na mizizi yake. Anayetaka aandike jina kwa katibu kabla hajaondoka leo, aje na gunia lenye unyevu, na waliolipa ada watahudumiwa kwanza.